Mashua Iliyo Imara: Hotuba Mbele ya Wanachama



Mmeniheshimu kwa kunipa nafasi ya kusema kabla hatujapiga kura juu ya mashua ya Chama. Mimi ni karani, si fundi. Zana yangu ni kalamu, wala si tezo. Lakini fedha hizi zimechangwa shilingi kwa shilingi katika mishahara yetu, na mwenye kutia sahihi hana budi kujua anunuacho. Wengine wetu wataka mashua nyepesi ya kushinda mashindano. Wengine wataka iliyo imara. Naomba niwape khabari za mashua moja, kisha mtahukumu wenyewe.

Mashua hiyo yaitwa Suhaili, jina ambalo mabaharia Waarabu wa Ghuba huupa upepo wa kusini-mashariki. Nasi wa pwani tunalo neno suheli, kwa maana ya kusini. Iliundwa Bombay, katika Bara Hindi, ikashushwa majini mwaka 1964. Mwenyewe ni Mwingereza, Robin Knox-Johnston, aliyekuwa ofisa katika meli za biashara. Urefu wake ni futi 32, na milingoti yake miwili, mkubwa na wa galme. Mafundi wa Bombay waliiunda kwa mbao za msaji, wakichonga kwa tezo na kutoboa kwa keekee, kama wafanyavyo mafundi wetu ufukoni.

Umbo lake lilitoka mbali zaidi. Huko Norway aliishi Colin Archer (1832–1921), aliyeunda vyombo vya kuwaokoa wavuvi wakati wa tufani. Cha kwanza kilishuka majini mwaka 1893: kipana, kizito, mkuku wake mrefu, na tezi yake imechongoka kama omo, ili wimbi litokalo nyuma ligawanyike lisikipige kwa nguvu zote. Chombo cha namna hiyo hutoka wakati vingine vinapokimbilia bandarini. Basi sifa yake ya kwanza ni kurudi, na mbio hufuata baadaye. Katika miaka ya 1920 Mmarekani William Atkin alichora mashua ndogo kwa mfano huo, na ramani hiyo ndiyo iliyofuatwa Bombay.

Tarehe 14 Juni 1968, Knox-Johnston alitweka matanga Falmouth, Uingereza, peke yake, katika mashindano ya kuizunguka dunia pasipo kutia nanga bandarini. Walioingia mashindanoni walikuwa tisa. Alipokuwa bado katika Atlantiki, maji yakaanza kuingia katika maungio ya mbao karibu na mkuku. Hapakuwa na gati wala fundi. Akapiga mbizi na kujaribu kukalafati kwa pamba, ikatoka. Ndipo akaishona pamba juu ya ukanda wa turubai, akaupaka lami, akashuka tena na kuupigilia kwa misumari ya shaba, hali papa mmoja amekwisha kumlazimisha kushika bunduki. Maji yakapungua. Baadaye dhoruba ikakitikisa chumba cha juu ya sitaha, redio ikanyamaza, mtambo wa kushika usukani ukavunjika; naye akaenda mbele. Tarehe 22 Aprili 1969 aliingia Falmouth baada ya siku 312. Katika wale tisa, yeye peke yake alimaliza.

Sasa tazameni upande wa pili. Nigel Tetley alikwenda kwa chombo cha maumbo matatu, Victress, kilichoundwa kwa mbao nyembamba za tabaka zilizogandishwa kwa gundi. Kilikuwa na mbio, naye alikuwa baharia hodari. Lakini alipokaribia nyumbani, akidhani ya kuwa mshindani wake yu karibu kumfikia, alikilazimisha chombo kilichokwisha choka. Mwezi wa Mei 1969 kikavunjika. Yeye aliokolewa, chombo kikapotea.

Sisemi ya kuwa wepesi ni kosa. Katika upepo mdogo mashua nzito hujikokota, na katika mashindano yetu ya siku kuu huenda tukawa wa mwisho. Nasema ya kuwa uimara si unene wa ubao tu. Ni ubao uliokauka vema, maungio yaliyokazwa, misumari isiyoliwa na kutu kwa haraka. Na zaidi ya yote, kila pahali pa chombo paweze kufikiwa na kutengenezwa na mkono wa mwenye kusafiri nacho. Suhaili ilivuja, wala haikuzama, kwa kuwa iliweza kuzibwa. Ilitengenezwa upya, ikarudi majini mwaka 2016, zaidi ya miaka hamsini tangu kuundwa.

Wazee wetu walisema: Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Rangi nzuri na matanga meupe huonekana toka ufukoni, lakini maji hukusanyika ngamani, pasipoonekana. Basi kabla ya kumlipa fundi ye yote, na tuteue watu watatu washuke ngamani na taa, waguse kila ungio kwa mkono, kisha waandike walichokiona. Hilo ndilo ombi langu, Bwana Rais.