Sashe chini ya kitenge

Maneno ya mweka hazina wetu kwenye mkutano wa wanachama, Mabanga



Nimeombwa niseme juu ya feza ya mikopo. Nitaanza na jambo tunalolijua wote lakini hatulisemi mbele ya wageni: kuna mikopo yetu iliyopita Petite Barrière ikiwa imefungwa kwenye tumbo la mutu.

Rwanda ilikataza sashe za plastiki tangu 2008. Hapa Birere zinauzwa bei chini. Ukitembea kidogo tu ukafika Gisenyi, kitu kile kile ni cha kufichwa, na bei inapanda. Njo biashara yenyewe. Nguo za mitumba vilevile: mu 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wake kutoka senti 20 za dola kwa kilo mpaka dola 2 na nusu, na watu wakaanza kuvuka wamevaa suruali tatu.

Mimi mwenyewe nilibeba. Tulipotoka kambini sikuwa na kitu. Mama mmoja alinifundisha: unapanga sashe bapa, unafunga kiunoni na mapajani, vitenge viwili juu. Usiende mbio. Usiiname, juu plastiki inalia. Mara ya tatu askari mwanamke alinipapasa, akazitoa zote mbele ya watu. Nililala ndani siku mbili, mtoto kwa jirani. Na feza haikuwa yangu, ilikuwa ya likelemba. Kuilipa kulinichukua karibu mwaka.

Sasa mwenzetu amepoteza dola 60 kwa njia hiyo hiyo. Wengine wanasema afukuzwe. Wengine wanataka chama kilipe. Mimi ninakataa yote mbili. Deni ni lake, lakini tumupe muda.

Lakini tujiulize pia: tulimukopesha 30, mara mbili. Na dola 30 utaleta nyanya ngapi? Utaratibu mwepesi wa COMESA kwa wachuuzi upo, fomu ni rahisi, lakini kuna vikaratasi vingine vya kulipia kila unapovuka, na muzigo mudogo vinaumaliza. Sashe haina karatasi. Sisi njo tunamusukuma.

Kwa nini tunatoa 30? Hapa ninasema na wafadhili, munisamehe. Kila mwaka munatuuliza ni bamama wangapi walipata mkopo, na sisi tulifurahi kuandika hesabu kubwa. Ninaomba mwaka huu hesabu ipungue. Wachache, dola 150 kila mmoja, wavuke na muzigo wa kutosha, mbele ya duane, mikono nje.

Kura ni Jumapili kisha misa. Mama huyo iko hapa nyuma, na ni yeye aliniruhusu kusema.

Mwenye swali, aulize.