Msingoje Mkutano wa Mwezi wa Nne

Tumeombwa tuzungumze juu ya utawala wa serikali na maendeleo ya kudumu. Ni maneno makubwa, kwa hiyo tuyashushe mpaka kwenye chemchemi.

Wengi wenu mna chemchemi iliyojengewa. Mlichanga pesa, mkabeba mawe na mchanga, fundi akajenga ukuta, bomba likawekwa. Siku ya kufungua mlicheza. Je, bomba likivunjika mwaka wa tano, ni kazi ya nani kulitengeneza? Hapo ndipo watu hunyamaza. Ua umeanguka, ng'ombe wanakanyaga juu ya jicho la maji, na mweka hazina hana hata shilingi. Mradi wa kudumu ni ule ambao mtengenezaji wake anajulikana, na pesa yake imeandikwa mahali.

Wazee wanakumbuka mwaka 1983, serikali ya Rais Moi ilipoanza mpango wa maendeleo kupitia wilaya. Kamati ziliwekwa kutoka kata ndogo hadi wilaya, eti mawazo yapande kutoka chini. Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri. Lakini mwenyekiti wa kamati ya wilaya alikuwa DC, naye DC aliteuliwa na kuhamishwa kutoka Nairobi. Mtu humsikiliza yule anayeweza kumhamisha. Mwananchi alibaki na harambee, na harambee nyingine hazikuwa za hiari sana, si mnajua wenyewe.

Katiba ya 2010 ilibadilisha njia hiyo, na tangu 2013 tuna serikali za kaunti, Trans Nzoia na Bungoma zikiwemo. Maji ya kijijini, zahanati, kilimo, barabara ndogo na shule za chekechea ni kazi ya kaunti. Shule za msingi na za sekondari, polisi na barabara kuu ni za serikali ya taifa. Chifu naye bado ni mtu wa serikali ya taifa. Kumlilia chifu juu ya bomba ni kama kwenda kwa daktari wa meno ukiwa na kidonda mguuni. Atakupa pole tu.

Tusidanganyane, ofisi kuwa karibu hakuifanyi iwe safi. Mnakumbuka mwaka 2015, wilbaro 10 za Bungoma zilizogharimu zaidi ya shilingi 1,000,000. Bei ilipotoka hadharani nchi nzima ilishangaa. Watu wa Kitale msicheke sana.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema pesa ya umma haitengwi nje ya mpango. Na mpango una tarehe zake. Mwaka wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Makadirio ya bajeti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya hapo, kufikia 28 Februari, hupelekwa karatasi inayoonyesha kila idara itapata kiasi gani. Lakini mpango wa maendeleo wa mwaka huo wenyewe hupelekwa mapema zaidi, kufikia tarehe 1 Septemba ya mwaka uliotangulia.

Mmeona? Sisi tunajaa kwenye mkutano wa bajeti mwezi wa nne, tunapiga kelele juu ya chemchemi, afisa anaandika kwa heshima, na hakuna kitu kinachokuja. Si uchawi. Mpango ulipelekwa miezi saba iliyopita. Barua yenu inapaswa kufika mwezi wa saba, au mwanzo wa mwezi wa nane ukichelewa. Hata hivyo pesa itaanza kuonekana Julai inayofuata, kwa hiyo kila kikundi kiwe na mfuko wake mdogo wa kununua bomba na saruji. Mtoto hawezi kungoja maji mwaka mzima.

Barua iseme jina la chemchemi, kijiji na wadi, nyumba ngapi zinachota hapo, nini kimeharibika, na makadirio ya fundi. Ambatisheni muhtasari wa mkutano wenu na idhini ya mwenye shamba kwa maandishi. Hii idhini wengi huiacha, halafu mzee akifariki watoto wake wanafunga njia. Nakala moja ni ya msimamizi wa wadi, nyingine ya MCA, na ya tatu mbaki nayo ikiwa imepigwa muhuri wa kupokelewa.

Ombeni pia kuuona mpango wenyewe. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika ombi kwa Kiswahili, bila ada ya kuomba, na ofisi ijibu ndani ya siku 21. Wakikataa, mnaweza kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Nendeni kwa upole. Afisa mwingine hakatai, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

Makarani wa vikundi wabaki hapa baada ya chai. Karatasi na kalamu zipo. Tutaanza na barua za wale ambao bomba lao limekauka tayari.