Ukuta wa Ndani wa Bomba: Ukwaru na Safari ya Maji ya Mvua Chini ya Jiji



Mtaa ukifurika, wengi huuliza bomba lililo chini ya barabara lina upana gani. Jioni hii naomba tuulize pia ukuta wake wa ndani ukoje.

Mwaka 1889 mhandisi Robert Manning wa Ireland aliwasilisha kanuni ambayo umbo lake la leo tunalitumia kila siku. Kasi ya maji hutegemea mteremko, eneo la maji likigawanywa kwa urefu wa ukingo yanaougusa, na ukwaru wa ukuta, tunaouandika kwa herufi n. Ukwaru ukiongezeka maradufu, kasi hubaki nusu.

Chukueni bomba la zege la milimita 600, lililolazwa kwa mteremko wa 1 kwa 200. Kwa n ya 0.013, likijaa hupitisha takriban lita 430 kwa sekunde. Badala yake lazeni bomba la bati la mawimbi lenye n ya 0.024, kipenyo na mteremko vikiwa vilevile: lita zitashuka hadi kama 235. Ili kufidia upungufu huo kwa mteremko peke yake, itabidi tuuzidishe zaidi ya mara tatu, kwa kuwa kasi hukua kwa kipeuo cha pili tu cha mteremko.

Katika maeneo ya chini ya Dar es Salaam, Jangwani ikiwamo, mteremko huo hatuna. Tukilazimisha bomba liiname zaidi, mdomo wake utatokea chini ya maji ya bamvua, na bahari itayazuia maji ya mvua yasitoke.

Mteremko ukiwa mdogo, kasi hupungua na mchanga hutua. Ndiyo maana wasanifu hulenga angalau mita 0.6 hadi 0.9 kwa sekunde bomba likijaa. Mchanga ukifika robo ya kimo cha bomba, umekwisha kumeza karibu sehemu moja ya tano ya njia ya maji. Tena uso wake una ukwaru zaidi kuliko zege. Maji huzidi kupunguza mwendo, na mchanga mwingine hutua juu ya ule wa kwanza.

Wanafunzi wangu, 0.013 mnayoiandika kwenye hesabu ni ahadi, na anayeitimiza ni mtu wa usafi anayeingia kwenye chemba. Sanifuni kwa ukwaru wa bomba lililozeeka, si wa bomba lililotoka kiwandani. Wekeni mitego ya mchanga kabla ya maji kuingia bombani, na chemba zinazofikika.

Nanyi viongozi wa halmashauri, tengeni fedha za kuzibua mabomba kabla ya vuli na kabla ya masika, kila mwaka, katika bajeti ileile inayojenga mabomba mapya. Bomba lisilosafishwa tumelilipia lote, lakini tunatumia sehemu yake tu.