Gari lenu linauma

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosikika redioni)

Leo nataka tuzungumze juu ya umeme, lakini si habari za kukatika kwake wala bei ya yuniti. Nataka tuzungumze juu ya umeme wa kuazima: wa soketi ya nyumba ya wageni, wa jenereta, wa betri iliyofungwa chini ya kiti cha gari.

Miezi michache iliyopita wenzangu wawili nami tulisafiri kwenda wilaya za Hanang na Mbulu, mkoani Manyara. Tulikuwa tukitengeneza kipindi juu ya watu wa Katesh na vitongoji vyake, waliopoteza ndugu na nyumba katika maporomoko ya matope yaliyoshuka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023. Kwa kuwa tungelala kila usiku mahali tofauti, tuliazima basi dogo lililogeuzwa nyumba. Lina vitanda, jokofu dogo, taa na soketi nne. Ubavuni lina mahali pa kuingizia umeme kutoka nje.

Usiku wa kwanza tuliegesha uani mwa nyumba moja ya wageni. Mwenye nyumba akaturuhusu kutumia soketi ya barazani. Kebo yetu ilikuwa na plagi ya miguu miwili, na soketi, kama zilivyo soketi zetu, ilikuwa ya matundu matatu. Mwenzangu akafanya jambo ambalo wewe nami tumelifanya mara nyingi. Alichukua kalamu, akaisukuma katika tundu la juu ili yale ya chini yafunguke, akachomeka. Jokofu likanguruma. Tukala, tukalala.

Usiku mvua ikanyesha. Alfajiri mlinzi wa pale, mzee aliyekuwa peku, akaja kutuamsha. Akashika kitasa cha mlango. Nilichosikia mimi ni ukelele na kishindo. Nikaruka nje na viatu vyangu vya raba, nikamkuta ameketi kwenye tope, ameushika mkono wake.

"Pole, mzee wangu. Kuna nini?"

"Gari lenu linauma," akajibu.

Nikalishika gari lile lile kwa kiganja. Sikusikia kitu. Moyoni nikasema mzee ameteleza tu. Hadi leo naona haya kwa wazo lile.

Tulimpeleka mzee kupimwa moyo, akaonekana hana dhara. Kisha tukamwita fundi mwenye leseni ya EWURA. Akagusisha testa kwenye bodi la gari, ikawaka. Ndani ya jokofu waya mmoja ulikuwa umechubuka na kugusa chuma. Umeme ukaenea bodi zima, volti 230, ukakaa pale ukisubiri njia ya kwenda ardhini. Gari limesimama juu ya mipira, na mipira haipitishi umeme. Mimi nilikuwa na viatu vya raba. Njia ya kwanza iliyopatikana ni ule mkono uliolowa na ile miguu mitupu juu ya tope.

Sasa tundu lile la juu, ambalo sisi tuliliziba kwa kalamu, ndilo la waya wa ethi. Kazi yake ni kuupeleka umeme wa namna hiyo ardhini mara moja, ili fyuzi ikatike au swichi ijizime kabla mtu hajagusa. Kebo ya nyaya mbili haina waya huo. Tena basi lile lilikuwa na swichi ya usalama, ile inayokata umeme inapoona milliampea 30 zimetoka bila kurudi. Fundi akakuta kuna mtu aliyewahi kuiruka kwa kipande cha waya. Bila shaka alisema "inasumbua". Ilikuwa inasumbua kwa sababu ilikuwa inasema kweli! Ndugu msikilizaji, umeme wa kuwasha taa ndogo ya wati 10, ukipita kifuani, unaweza kuusimamisha moyo.

Usiku wa pili tulilala upande wa Mbulu, karibu na Dongobesh. Pale tulitumia jenereta ndogo tuliyoibeba. Kwa kuwa tulikwisha kujifunza adabu, tukaiweka mbali na madirisha yetu. Hatukuangalia iko karibu na dirisha la nani. Saa tatu usiku mama mmoja akatujia, mtoto mgongoni.

"Wanangu," akasema, "moshi wenu unalala na watoto wangu."

Tukaizima, tukamwomba radhi. Ndani ya moshi wa jenereta mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki kukimbia. Jenereta hukaa nje kabisa, mahali pa wazi, ekzosi ikitazama pasipolala mtu. Hali kadhalika, usidhani swichi ya usalama italinda vilevile kwenye jenereta kama inavyolinda kwenye umeme wa TANESCO. Jenereta nyingi ndogo hazikuungwa na ardhi, na swichi ile yaweza isione kitu. Kosa la kwanza halionekani, la pili ndilo linaloua. Mwachie fundi aamue iungweje.

Usiku wa tatu tulikuwa mjini Mbulu. Umeme ukakatika. Mwenyeji wetu, mwalimu, akatuomba tuiangazie nyumba yake kwa jenereta yetu. Mwenzangu akaanza kutengeneza kebo yenye plagi pande zote mbili, ili atoe umeme kwenye jenereta na kuuingiza katika soketi ya ukutani. Nikamshika mkono.

Nyumba isipotengwa na laini, umeme huo hautakoma sebuleni. Utapita mita na kupanda hadi kwenye transfoma. Transfoma inayoshusha umeme kuja kwetu huupandisha ukiingia kinyume. Laini nyingi za vijijini ni za volti 33,000. Na juu ya nguzo, gizani, yumo kijana wa TANESCO anayetengeneza laini akiamini kwamba imezimwa. Dawa yake ni swichi ya kubadilisha, ambayo ikishika upande mmoja inauachia mwingine, ili umeme wa aina mbili usikutane kamwe. Gari lenye betri na inveta nalo linahitaji swichi ya namna hiyo. Usiku ule mwalimu alipata taa kwa kebo ya pembeni, isiyogusa waya wowote wa nyumba.

Labda utasema, mimi sina basi la kulala, yanihusu nini? Lakini mjini kwetu kuna magari ya chipsi, magari ya muziki wa harusi, magari ya matangazo, kliniki zinazohama. Yote huazima umeme popote yanapoegeshwa. Basi shika haya machache. Tumia kebo ya nyaya tatu, na plagi ya miguu mitatu. Ikunjue yote, kwa maana kebo iliyoviringishwa hupata joto na kuyeyuka. Chomeka kwanza kwenye gari, kisha ukutani. Wakati wa kuondoka anza na ukutani. Kabla ya safari fundi apime ethi na swichi ya usalama. Swichi ikijizima, tafuta sababu, usiiruke.

Nilipoyatafakari yale masiku matatu, jambo moja lilinichoma. Sisi tuliokuwa ndani ya gari, tukila na kunywa vya baridi, hatukupata hata mchubuko. Aliyetupwa kwenye tope ni mlinzi. Aliyevuta moshi ni mtoto wa jirani. Ambaye angekufa ni mtu wa nguzoni ambaye hatumjui hata jina. Anayechomeka umeme hovyo mara nyingi siye anayeulipia.

Tulipita tena Katesh wakati wa kurudi. Kebo ilikuwa mpya, na jokofu limetengenezwa. Nikamwamkia mzee shikamoo, nikamwambia gari haliumi tena. Akaitikia marahaba, akacheka, ila mkono wake aliuweka nyuma.