Ini Halipokei Kila Kinacholetwa



Juma lililopita nilimtembelea shemeji yangu, mama wa makamo anayeijali sana afya yake. Mezani palikuwa na chupa ya vidonge laini vya vitamini E, vyenye rangi ya dhahabu, yuniti 400 kila kimoja. Humeza viwili kila asubuhi kwa chai na vitumbua. “Shemeji,” aliniambia, “ngozi inang’ara na moyo unapata nguvu.” Kando ya chupa hiyo palikuwa na dawa nyingine, aliyoandikiwa na daktari: warfarini, ya kuzuia damu isigande. Hapo ndipo niliposhtuka. Aliyemwuzia vidonge hakumwuliza kama anatumia dawa nyingine.

Hebu tuifuate vitamini hii mwilini. Vitamini E huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Chakula chenye mafuta kikifika tumboni, nyongo humiminwa na kuyagawa mafuta hayo vipande vidogo vidogo. Humo vitamini hubebwa, ikapenya ukuta wa utumbo mdogo, ikapita katika mishipa ya limfu hadi kwenye damu, kisha ikafika kwenye ini. Kwa hiyo vile vitumbua vya shemeji vilikuwa vikivisaidia vidonge kupenya.

Ini nalo hufanya kazi kama karani wa forodha. Vitamini E ina aina nane, lakini ini lina protini maalumu inayoichagua hasa moja, iitwayo alfa-tokoferoli, na kuirudisha kwenye damu. Aina nyingine, pamoja na ziada, kwa sehemu kubwa huvunjwa na kutolewa kwa njia ya nyongo na mkojo. Ndiyo maana ukimeza mara kumi zaidi, damu haipati mara kumi zaidi.

Ile iliyoruhusiwa kupita huenda kukaa katika kuta za seli, ikiyalinda mafuta ya kuta hizo yasiharibiwe na oksijeni, kama mafuta ya kupikia yanavyochacha yakiachwa wazi. Wapo watu wachache waliorithi kasoro katika ile protini ya ini. Hao hula vizuri, lakini mishipa yao ya fahamu hudhoofika na mwendo wao huyumba. Wagonjwa wa namna hiyo huhitaji dozi kubwa, chini ya uangalizi wa daktari.

Je, sisi wengine? Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 15 kwa siku. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya alizeti hutoa karibu theluthi yake. Karanga, mchicha na mawese huongeza. Haba na haba hujaza kibaba, ndugu zangu, lakini kibaba kikishajaa, kinachozidi humwagika.

Tena kinaweza kudhuru. Vitamini E ikizidi huingilia kazi ya vitamini K, ambayo husaidia damu kuganda. Kwa anayetumia warfarini, hatari ya kutokwa damu huongezeka. Huko Marekani, uchunguzi uliohusisha wanaume zaidi ya 35,000 ulitoa matokeo mwaka 2011: waliopewa yuniti 400 za vitamini E peke yake kila siku walipatwa na saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Uchunguzi huo ulianzishwa kwa matumaini ya kuizuia saratani hiyohiyo!

Nilimsihi shemeji aende kliniki na chupa zote mbili, amwonyeshe daktari. Alikubali shingo upande, maana ile chupa ilimgharimu fedha nyingi. Nawe msikilizaji, kama nyumbani kwako kuna chupa mbili za namna hiyo zinazokaa pamoja, usingoje kuona damu. Uliza leo.

Hadi juma lijalo, kwaherini.