Majibu ya Kinyama Yakifika Mvumi: Mabadiliko ya Tezi Dume Yanayotangulia Saratani



Mada niliyopewa katika semina hii inahusu mabadiliko ya tezi dume ambayo bado si saratani. Naomba niiingie kwa upande wa bahasha. Mwanaume wa vijiji hivi vya Mvumi, hapa Kilosa, akishafanyiwa kipimo cha kinyama, yaani kuchukuliwa vipande vidogo vya tezi kwa sindano, iwe Morogoro, Dodoma au Dar es Salaam, hurudi nyumbani na bahasha. Ikiandikwa kuwa hakuna saratani, familia inashukuru. Ikiandikwa kuwa ipo, familia inaanza kutafuta nauli na ndugu wa kumpokea. Lakini kuna jibu la tatu ambalo halisemi ipo wala halisemi haipo, na hilo ndilo linaloletwa zahanati: "Mwanangu, nisomee hapa wamesemaje." Muuguzi akikosea kulisoma, mzee huyo ataondoka na moja ya mambo mawili. Ama ataamini kwamba amehukumiwa kufa, ama ataamini kwamba amepona, aitupe karatasi na asirudi tena. Yote mawili ni hatari. Ninachoshikilia katika mada hii ni kwamba jibu la tatu halihitaji dawa. Linahitaji mtu anayejulikana kwa jina, atakayemfuatilia mgonjwa kwa miaka.

Kwanza tuelewane juu ya kiungo chenyewe. Tezi dume iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo, na kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya mbegu. Kila mwanaume anayo. Mtu akisema "nina tezi dume" akimaanisha ugonjwa, muulizeni taratibu ni ugonjwa upi, kwa sababu yapo matatizo matatu tofauti: maambukizi, kutanuka kwa tezi kunakokuja na umri, na saratani. Kutanuka kwa uzee hakugeuki kuwa saratani. Hutokea katikati ya tezi, pale mrija unapopita, ndiyo maana mzee huamka usiku mara kwa mara na mkojo hutoka kwa kukatika. Saratani nyingi huanzia pembeni, upande wa nyuma unaoelekea njia ya haja kubwa. Huko haibani mrija, haiumi, wala haitoi dalili kwa muda mrefu. Kwa hiyo mwanaume anayesubiri mkojo uzibe ndipo aende kupima anasubiri dalili ya ugonjwa mwingine.

Sasa tuje kwenye jibu la tatu. Mtaalamu wa patholojia huandika herufi PIN, na wakati mwingine huitangulizia HG kuonyesha daraja la juu. Jina hilo lilipendekezwa mwaka 1987 na Bostwick na Brawer huko Marekani, na mwaka 1989 wataalamu wakakubaliana kuwe na madaraja mawili tu, la chini na la juu. La chini haliandikwi siku hizi, kwa sababu wasomaji wa darubini hawakubaliani kuhusu nani analo, na mwenye nalo hana hatari ya kuhesabika kuliko wengine. Linaloandikwa ni la juu.

Ninyi wa skimu ya mpunga mtanielewa haraka. Ndani ya tezi kuna vijifuko vingi, na kila kijifuko kimezungukwa na ukuta wa seli za msingi, kama jaruba lilivyozungukwa na kingo. Katika PIN ya daraja la juu, seli zilizo ndani zimeharibika: viini vimekuwa vikubwa, zimebanana, na kwa darubini zinafanana kabisa na seli za saratani. Lakini kingo bado ipo, ingawa imechakaa na ina mapengo hapa na pale. Saratani ni pale seli hizo zinapokuwa zimeshatoka nje ya kingo.

PIN haipandishi kipimo cha damu cha PSA kwa kiasi cha kutegemewa. Kipimo cha kidole hakiigusi, na altrasaundi haiioni. Hugunduliwa tu mtu anapochukuliwa kinyama kwa sababu nyingine, hasa PSA ikiwa juu au tezi ikiwa na uvimbe mgumu. Hakuna kipimo cha kwenda "kutafuta PIN", na anayekitangaza anawadanganya watu.

Je, hatari ni kubwa kiasi gani? Hapa sayansi yenyewe imebadilika, na matabibu waliosoma zamani wasishike namba za zamani. Katika miaka ya 1990, daktari alipochukua vipande 6 tu, wanaume wenye PIN ya daraja la juu waliporudiwa kipimo, saratani ilikutwa kwa wengi, katika baadhi ya taarifa karibu nusu yao. Ilionekana kama PIN imegeuka saratani kwa kasi ya kutisha. Vipande vilipoongezwa hadi 10 au 12, kiwango kikashuka hadi kati ya robo na moja ya tano, ambacho hakiko mbali na cha wanaume waliokutwa hawana kitu mara ya kwanza. Maelezo yake ni kwamba kwa wengi wa wale wa mwanzo, saratani ilikuwepo tangu siku ya kwanza na sindano iliipita pembeni. Kwa hiyo kabla ya kumwambia mzee lolote, angalieni kwenye karatasi vimechukuliwa vipande vingapi, na PIN imeonekana kwenye vingapi. Ikiwa kwenye kipande kimoja, hatari yake iko karibu na ya wenzake, na kurudia kinyama mara moja si lazima. Ikiwa kwenye vipande viwili au zaidi, arudi kwa daktari bingwa wa njia ya mkojo, aamue kama kinyama kirudiwe au afanyiwe kwanza kipimo cha MRI.

Kuna herufi nyingine ambazo watu huzichanganya na PIN: ASAP. Hiyo ni taarifa kwamba kuna vijifuko vidogo vichache vya kutiliwa shaka, ila havikutosha kumfanya mtaalamu atamke neno saratani. Uzito wake ni mkubwa zaidi. Wanaume wapatao 40 katika 100 wenye jibu hilo hukutwa na saratani kinyama kikirudiwa, na utaratibu ni kurudia ndani ya miezi 3 hadi 6. Mwenye ASAP asisubiri mavuno yaishe.

Ipo sababu ya sisi Waafrika kulitazama suala hili kwa karibu. Huko Detroit, Wael Sakr na wenzake walichunguza tezi za wanaume waliokufa kwa sababu nyingine kabisa, ajali na kadhalika. Walikuta mabadiliko ya aina hii hata kwa vijana wa miaka ya 20 na 30, na yale ya daraja la juu yalitokea mapema na kwa wingi zaidi kwa Wamarekani weusi kuliko weupe. Mwongozo wa wataalamu wa mkojo wa Marekani wa mwaka 2023 unashauri watu wenye asili ya Afrika, pamoja na wale ambao baba au kaka zao wameugua, wapewe nafasi ya kupima kuanzia miaka 40 hadi 45. Duniani, mwaka 2022 pekee, wanaume wapatao milioni 1.47 waligundulika na saratani hii na karibu 397,000 walikufa nayo. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako inaongoza kati ya saratani zote za wanaume.

Niseme wazi kuhusu dawa, maana kwenye minada na ndani ya mabasi zinauzwa chupa zinazodai "kusafisha tezi". Hakuna dawa, mzizi wala kidonge kilichothibitishwa kuondoa PIN. Madini ya seleniamu yalijaribiwa kwa wanaume wenye PIN ya daraja la juu, na matokeo yaliyotoka mwaka 2011 yalionyesha hayakuzuia saratani. Mwaka huohuo jaribio jingine la wanaume zaidi ya 35,000 lilionyesha kuwa waliokunywa vidonge vya vitamini E walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya wasiokunywa. Fikirieni hilo: kitu kinachouzwa kama kinga kiliongeza ugonjwa. Mzee anayeuza debe la mpunga anunue chupa hizo anaibiwa mara mbili, fedha na muda.

Ipo dawa ya finasteridi, ambayo baadhi ya wazee wanaitumia kwa ajili ya kutanuka kwa tezi. Haitolewi kutibu PIN. Lakini hushusha PSA kwa karibu nusu, kwa hiyo anayeitumia lazima aseme kabla ya kupima, la sivyo namba itamfariji bila sababu.

Sasa mambo ya hapa kwetu. Tunaishi kwenye maji ya mpunga, na kichocho tunakijua. Mwanaume akikojoa damu, yeye, mkewe na jirani wote wanasema kichocho, anapewa prazikwanteli na mambo yanaishia hapo. Kwa kijana huenda ni sahihi. Kwa mwanaume aliyevuka miaka 45 haitoshi. Apewe dawa, ndiyo, lakini aitwe tena baada ya wiki chache, mkojo uangaliwe upya, na damu ikiendelea apewe rufaa. Inaweza kuwa tezi dume, na inaweza kuwa saratani ya kibofu, ambayo kichocho cha mkojo kinajulikana kuisababisha.

Jambo la pili ni mgongo. Mkulima akilalamika mgongo tunasema jembe. Saratani ya tezi dume inapohama, mahali inapopenda ni mifupa ya kiuno na uti wa mgongo. Mzee ambaye mgongo unamuuma zaidi usiku akiwa amelala kuliko shambani, au ambaye miguu imeanza kufa ganzi, huyo asipewe diklofenaki kwa mwezi wa tatu mfululizo. Akifika hatua ya kushindwa kutembea, kinachobaki mara nyingi ni kuondoa korodani ili kuunyima ugonjwa homoni, njia aliyoionyesha Charles Huggins mwaka 1941. Inasaidia, inapunguza maumivu, lakini haiponyi. Na nafahamu ni wanaume wangapi wanaikataa.

Kipimo cha kidole ndicho kinachowakimbiza wengi, na sipendi kukipita kimyakimya. Wazee wangu, ni jambo la dakika moja, linafanywa na tabibu ndani ya chumba kilichofungwa, na halimwondolei mtu uanaume wake. Asiyetaka kuanza nacho aanze na damu. Kukataa kidole kusiwe sababu ya kukataa kila kitu. Wahudumu nao wazingatie kwamba PSA hupanda pia kwa maambukizi ya mkojo na baada ya kuwekewa mpira wa mkojo. Mtibuni maambukizi kwanza, subirini wiki 6 hivi, ndipo apimwe.

Wapo watakaouliza kama kupima kwingi hakutaleta matibabu yasiyo ya lazima. Ni swali la haki. Utafiti mkubwa wa Uingereza, ulioripotiwa mwaka 2023 baada ya kuwafuatilia wanaume 1,643 kwa takriban miaka 15, ulionyesha kwamba karibu asilimia 97 ya wenye saratani iliyogunduliwa mapema hawakufa kwa saratani hiyo, wawe waliopasuliwa, waliopigwa mionzi au waliokuwa wakiangaliwa tu. Lakini neno la kushika hapo ni "waliokuwa wakiangaliwa". Waliitwa, wakapimwa, na majibu yao yakatunzwa. Kuangaliwa bila kuitwa ni kuachwa.

Na kuitwa kunawezekana hapa. Kutoka zahanati mgonjwa anakwenda Hospitali ya Wilaya Kilosa, na wa upande wa Mikumi wana Hospitali ya Mtakatifu Kizito. Juu yake ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Morogoro, kisha Benjamin Mkapa kule Dodoma, Muhimbili au Ocean Road. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR imerahisisha safari ya kwenda pande zote mbili, Dodoma na Dar es Salaam. Umbali si kisingizio kama zamani, ingawa nauli bado ni nauli.

Kwa hiyo naomba semina hii ijadili pendekezo moja kabla hatujatawanyika. Kila zahanati iwe na daftari la wanaume waliochukuliwa kinyama, liandikwe jina, mwaka wa kuzaliwa, namba ya simu yake na ya mtu wa nyumbani, PSA ya kila mara na tarehe yake, idadi ya vipande, na maneno ya mtaalamu wa patholojia yakiwa yamenakiliwa kama yalivyo, PIN au ASAP, bila kufupishwa. Karatasi yenyewe ipigwe picha, maana kwenye masika nyumba zetu zinaingia maji. Mwenye PIN apigiwe simu baada ya miezi 6 hadi 12 kwa ajili ya PSA na kipimo cha tabibu, na mwenye ASAP apigiwe kabla ya miezi 3 kwisha. Kazi ya kupiga simu apewe mhudumu mmoja kwa jina, isiachwe kwa "zahanati". Na siku mzee anapokuja kwa PSA yake, aulizwe pia kama ana wadogo zake na watoto wa kiume waliofika miaka 40, na majina yao yaandikwe ukurasa huohuo.