Kabla ya mchujo: mazungumzo na wazazi wa wachezaji chipukizi

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa michezo wa kaunti ndogo na wazazi, walimu na makocha mjini Kwale, kabla ya kuchaguliwa kwa timu za vijana za kandanda na voliboli.

Machifu, walimu, makocha, wazee wa vijiji, na hasa nyinyi wazazi mliofunga maduka na kuacha mashamba kuja hapa, asanteni sana. Itifaki iliyobaki naomba ichukuliwe kuwa imezingatiwa, maana jua linapanda na baadhi yenu mna safari ya kurudi hadi Mackinnon Road.

Vijana nimezungumza nao mara nyingi. Leo nawataka nyinyi wazazi, kwa sababu kila mwaka mchujo ukiisha, simu zinazopigwa ofisini hazitoki kwa watoto. Zinatoka kwenu. Na swali ni lile lile: "Kwa nini mwanangu ameachwa?" Mna haki ya kuuliza. Lakini mnauliza siku ambayo orodha imeshabandikwa, na jibu haliwezi tena kumfaa mtoto. Afadhali tuulizane leo.

Nianze na hesabu ya kocha. Tuseme gari na bajeti vinaruhusu wachezaji 20 wa kandanda. Siku ya mchujo wanakuja vijana 100 na zaidi. Katika hao 20, kocha lazima awe na makipa 2. Lazima awe na mabeki wa kulia na wa kushoto, wa kati, viungo, na mtu wa akiba kwa kila upande. Akimaliza hesabu hiyo, nafasi za washambulizi zinabaki 4, labda 5. Sasa nendeni mkawaulize vijana wenu wanacheza namba gani. Kila mmoja anataka kufunga mabao! Washambulizi 30 wanapigania nafasi 4, huku upande wa beki wa kushoto wamejitokeza watatu, na mmoja wao amelazimishwa na mwalimu.

Kwa hivyo inawezekana kabisa mshambulizi wa tano akawa mchezaji bora kuliko beki wa kushoto aliyechukuliwa, na bado akabaki nyumbani, na kocha asiwe ameonea mtu. Kocha haandiki orodha ya vijana 20 bora wa kaunti. Anaunda timu itakayocheza mechi kadhaa kwa siku chache, pengine moja leo na nyingine kesho. Mzazi akilielewa hilo mapema, kuna jambo anaweza kufanya: azungumze na mwalimu wa michezo wa shule, mtoto ajifunze nafasi ya pili, na siku ya kujiandikisha ataje zote mbili. Kijana anayetumia mguu wa kushoto na anayekubali kurudi nyuma kucheza beki ni mali. Kwenye voliboli ni hivyo hivyo. Warefu wa kupiga mpira kwa nguvu ni wengi. Anayewapangia wenzake mpira wa kupiga ndiye haba, na wala si lazima awe mrefu.

Hesabu nyingine ni ya dakika. Vijana 22 wanaingia uwanjani na kupewa dakika 20. Gawanya 20 kwa 22, na mpira wenyewe ukitoka nje muda unapotea. Kila mmoja hapati hata dakika moja ya kuwa na mpira mguuni. Kwa hiyo kocha anatazama nini zile dakika 19 nyingine? Anatazama kijana anasimama wapi mpira ukiwa mbali. Anatazama kama akipokonywa anarudi kuutafuta au anashika kiuno na kumlaumu mwenzake. Anasikiliza kama anaongea na wenzake. Mtoto anayejua hivyo hatapoteza ile dakika yake moja kupiga chenga watu watano ili baba aone.

Na akina baba, hapo ndipo mnapoingia. Ule mtindo wa kusimama kwenye mstari na kupiga kelele "Piga! Piga!" haumsaidii mtu. Kocha anamwambia mtoto atulie atoe pasi, wewe unamwambia apige. Amsikilize nani? Wewe ndiye unayemlisha.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Kijana wa Ndavaya au wa Samburu akitakiwa kuwa uwanjani hapa saa mbili asubuhi, anaamka saa tisa au saa kumi usiku. Anatembea hadi barabarani, anapanda bodaboda, kisha matatu, na anafika hajatia kitu tumboni. Anaitwa kucheza saa nne juani. Anashindana na mtoto wa hapa mjini aliyelala vizuri akanywa chai. Halafu tunaandika kwenye fomu kwamba hana pumzi. Mimi nasema huo si mchujo wa kandanda, ni mchujo wa nauli. Ndiyo maana nawaomba makocha mlio hapa: wanaotoka mbali wachezeshwe baada ya kula na kupumzika, na kijana yeyote asiachwe kwa kutazamwa mara moja tu. Nanyi wazazi, Katiba yetu katika Jedwali la Nne imeipa serikali ya kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake. Vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti vikiitishwa, njooni mseme kwamba mchujo uanzie huko kwenu. Viti vya vikao hivyo huwa vitupu, kisha lawama zinajaa.

Kuna dhuluma nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo ni ya mwezi wa kuzaliwa. Katika mashindano ya umri, mwaka huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba ya mwaka ule ule wanawekwa kundi moja, ilhali wamepishana karibu mwaka mzima. Wakiwa na miaka 30 hutaona tofauti. Wakiwa na miaka 14, mmoja ameota ndevu na mwingine bado ana sauti ya utoto. Watafiti nchini Canada waliligundua hili kwenye hoki ya barafuni tangu miaka ya 1980: waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka walikuwa wengi mno katika timu za juu. Kandanda imeonekana kuwa na ugonjwa huo huo. Makocha, nawasihi muandike mwezi wa kuzaliwa kando ya kila jina, ili mjue mnapomwita mtoto "mdogo" kama mnamaanisha kipaji chake au miezi yake.

Na tukizungumzia umri, tusemezane ukweli. Wapo watu wazima wanaowapunguzia vijana miaka. Wanadhani wanawasaidia. Mtoto wa kweli wa miaka 15 anakaa nje ili barobaro wa miaka 19 acheze kwa jina la mdogo wake. FIFA ilianza kupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI katika Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini Nigeria mwaka 2009, na vijana wengi wa Afrika wameachwa nje ya mashindano kwa vipimo kama hivyo. Uongo wa hapa kijijini unaweza kumvizia kijana huko mbele. Cheti cha kuzaliwa kitafutwe sasa, si wiki ya mchujo. Aliyezaliwa nyumbani taarifa yake hutolewa kwa naibu wa chifu, na kama miezi 6 ilipita bila mtoto kusajiliwa, utaratibu ni mrefu zaidi. Kwa hiyo kesho asubuhi, si mwezi ujao.

Pesa. Hapa naomba mnisikilize vizuri, hata wale wanaochati.

Nafasi katika timu ya kaunti haiuzwi. Hakuna ada ya kuandikishwa, hakuna "chai ya kocha", hakuna "pesa ya jezi" inayotumwa kwa simu ya mtu. Mzazi mmoja, sitasema wa wapi, aliuza mbuzi wake wawili akampa mtu aliyejiita mjumbe wa wachaguzi. Mtu yule hakuwa mjumbe wa yeyote. Asubuhi ya safari mtoto alikuja na begi lake limepangwa vizuri, soksi mpya ndani, akasimama mlangoni mwa gari akingoja jina lake lisomwe. Halikusomwa. Mbuzi wanaweza kununuliwa tena, lakini yule kijana hakurudi uwanjani msimu ule wote. Ukiombwa pesa, usilipe, usinyamaze. Mwone afisa wa michezo wa kaunti ndogo yako, na ukiona anayeomba ndiye yeye, nenda juu yake.

Wapo pia wale wa Ulaya. Anakuja kijana mwenye miwani, ana picha za viwanja kwenye simu, anakwambia mwanao wa miaka 15 ameonekana na klabu fulani, inatakiwa pesa ya pasipoti na viza. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa katika hali chache, kama vile wazazi wake kuhamia huko kwa sababu zisizohusiana na kandanda. Huyo mwenye miwani mwulize hali yenu ni ipi kati ya hizo. Akianza kukasirika, umepata jibu. Na kama anataka kumchukua mtoto peke yake, usiku, bila karatasi, hilo si suala la michezo tena. Piga simu 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto, au nenda kituo cha polisi.

Akichaguliwa, kazi yako haijaisha. Safari ni siku kadhaa, na mtoto analala mbali nawe. Uliza kabla ya kutia sahihi fomu ya ruhusa: Watalala wapi? Nani anabaki nao usiku? Timu ya wasichana lazima iwe na mwanamke mtu mzima anayesafiri na kulala nao jengo moja, na mzazi asiyeelezwa ni nani ana haki ya kukataa kutia sahihi. Mwanao apewe nambari yako aikariri kichwani, maana simu hupotea. Na kama ana pumu, kifafa au selimundu, sema. Najua kwa nini mnaficha: mnaogopa atakatwa. Lakini kocha asiyejua kwamba mtoto ana selimundu atamkimbiza juani bila maji ya kutosha, na tukio litatokea mahali ambapo hakuna anayejua historia yake. Daktari akiruhusu acheze, atacheza, na kocha atajua la kufanya.

Asipochaguliwa, nawaomba mtulie siku moja. Msimhoji mtoto kwenye matatu mkirudi. Amekaa katikati ya watu na anajizuia kulia. Kesho yake mpigie kocha, kwa adabu, umwulize maswali mawili tu: alipungukiwa na nini, na mwaka huu afanyie nini kazi. Kocha anapaswa kuwa na jibu. Akisema "tutaona" basi hakumtazama, na hapo una haki ya kwenda kwa afisa wa kaunti ndogo kuomba fomu za wachaguzi zikaguliwe. Kwa timu za taifa, sheria inafika mbali zaidi: Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 iliunda jopo la kusuluhisha mizozo ya michezo, na mchezaji aliyeachwa nje ya timu ya Kenya anaweza kukata rufaa huko, pale kanuni za shirikisho lake zinaporuhusu. Sisi hatujafika huko, lakini maana yake ni kwamba kuuliza si utovu wa nidhamu.

Wanariadha wana bahati, saa ndiyo inayosema. Na hata saa huacha watu wakubwa. Mwaka 2012 Eliud Kipchoge, bingwa wa dunia wa mita 5000 wa mwaka 2003 na mshindi wa medali mbili za Olimpiki, alishindwa kufuzu kwenye mchujo wa Kenya na hakwenda London. Mwaka 2013 alikimbia marathoni yake ya kwanza, Hamburg, akashinda. Mnajua yaliyofuata Rio mwaka 2016. Simtaji ili niwaambie kila aliyeachwa atakuwa Kipchoge. Wengi hawatakuwa, na wengi wa watakaochaguliwa mwezi huu hawataishi kwa kandanda pia. Namtaja kwa sababu alibadilisha umbali. Huenda mwanao anayeachwa kila mwaka kwenye kandanda ni mtu wa voliboli, au wa mbio, au refa mzuri ambaye bado hajapewa filimbi. Tena njia si moja. Michezo ya shule za sekondari ina ngazi zake, kuanzia shuleni, kaunti ndogo, kaunti, kanda, taifa, hadi ile ya Afrika Mashariki iliyofanyika Mbale mwaka 2024 na Kakamega mwaka 2025. Aliyekosa gari letu anaweza kupanda la shule yake.

Siku ya mchujo, kila kijana aje na nakala ya cheti cha kuzaliwa, fomu iliyotiwa sahihi na mzazi, maji, na chakula chochote, hata viazi vya kuchemsha. Njumu si lazima ziwe mpya. Asiye nazo amwambie mwalimu wake wiki hii, si asubuhi ile.

Sasa maswali. Mama pale nyuma, umeinua mkono tangu nilipotaja makipa. Anza wewe.